Dhana, Chukulio na Nadharia Tete: Historia ya Ubishi juu ya Njia ya Elimu ya Uchumi

Utangulizi

Uchumi ni mojawapo ya fani ambazo Kiswahili kilizichukua mapema katika shughuli za serikali. Bajeti, mipango ya maendeleo na hotuba za Bunge zimelizoeza sikio la msomaji maneno kama mtaji, ugavi, mfumuko wa bei na pato la taifa, hata hakuna anayeuliza tena yametoka wapi. Lakini yapo maneno ya aina nyingine ambayo hayataji kitu chochote kilichomo sokoni wala benki. Hayo ni maneno ambayo mchumi huyatumia kueleza amejuaje anachokisema: lipi aliliona, lipi alilikisia, na lipi alilichukulia tu ili hesabu yake ipate kwenda. Kundi hili la pili ndilo lililo dhaifu katika tafsiri zetu, na udhaifu wake haugunduliki upesi kwa sababu sentensi husomeka vizuri.

Tutazame neno dhana. Aghalabu mfasiri huliandika pale mwandishi alipokusudia wazo la jumla, huliandika tena pale alipokusudia kauli inayosubiri kupimwa, na huliandika mara ya tatu pale alipokusudia jambo lililokubaliwa bila kupimwa. Ofisa akisoma kwamba "dhana ya ripoti hii ni kuwa wakulima watauza ziada yao yote", hana njia ya kujua kama hayo ni matokeo ya uchunguzi au ni sharti la hesabu. Na idadi ya maghala yatakayojengwa inategemea tofauti hiyo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo ndiyo kiini cha ubishi uliodumu miongoni mwa wachumi kwa karibu miaka mia mbili, na kwamba lugha isiyo na maneno matatu kwa mambo hayo matatu haiwezi kuufasiri ubishi huo. Tutaanza na jina la elimu yenyewe, kisha tufuate ubishi huo hatua kwa hatua, na mwisho tutoe mapendekezo.

Jina la elimu hii

Wayunani walisema oikonomia, yaani utaratibu wa kuendesha nyumba. Mwaka 1615 Mfaransa Antoine de Montchrestien alilitia neno hilo katika jina la kitabu chake pamoja na sifa ya "kisiasa", na mambo ya nyumba yakawa mambo ya dola. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776, alichunguza asili na sababu za utajiri wa mataifa. Mwishoni mwa karne ya 19 sifa ya "kisiasa" ilianza kuachwa, hasa baada ya kitabu cha Alfred Marshall cha mwaka 1890, kwa kuwa wataalamu walitaka fani yao ihesabiwe kuwa sayansi kama zilivyo sayansi nyingine.

Kiswahili kilipita njia yake. Kitenzi kuchuma kina maana mbili zinazokwenda pamoja: kuchuma tunda mtini, na kuchuma mali kwa kazi au biashara. Wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Kwa hiyo neno uchumi huanza na jasho la mtu na pato lake, ilhali oikonomia huanza na mgawanyo wa kile kilichomo nyumbani. Lionel Robbins wa London alipoifafanua fani hii mwaka 1932 kuwa ni uchunguzi wa jinsi watu wanavyochagua pale njia zao zinapokuwa haba na makusudi yao mengi, alikuwa karibu na Wayunani kuliko na wahenga wetu. Hatusemi kwamba neno uchumi libadilishwe. Limekwisha kita mizizi. Tunasema tu kwamba anayemfasiri Robbins hana budi kukumbuka kuwa msomaji wake husikia pato pale mwandishi aliposema uchaguzi.

Mill na mtu wa kufikirika

Ubishi juu ya njia ya elimu hii waweza kuanzishwa na insha ya John Stuart Mill iliyochapishwa mwaka 1836 na kutolewa tena katika kitabu mwaka 1844. Swali lake lilikuwa hili: mchumi hawezi kuitia jamii katika chupa ya maabara na kubadilisha kitu kimoja kimoja, basi atajuaje sababu za mambo? Jibu la Mill lilikuwa kwamba mchumi humfikiria mtu anayetaka mali na kuchukia kazi, kisha kwa mantiki huonyesha mtu huyo angetenda nini. Ni kama mtaalamu wa jiometri anavyofikiria mstari usio na upana ijapokuwa hakuna aliyepata kuuona.

Mill hakuwa na udanganyifu wowote juu ya jambo hilo. Alieleza waziwazi kwamba hakuna mchumi aliye mpumbavu kiasi cha kuamini kuwa wanadamu ndivyo walivyo hasa. Upendo, desturi, dini na uvivu huingilia kati, na kila vinapoingilia, mambo hupinda yakaacha njia iliyotabiriwa. Kwa sababu hiyo hitimisho la mchumi ni maelezo ya mwelekeo tu. Kutokana na fikra za namna hiyo ndipo yalipopata nguvu yale maneno ya Kilatini ambayo wachumi hupenda kuyaacha bila tafsiri, na ambayo kwa Kiswahili husemeka bila taabu: mengine yote yakibaki kama yalivyo. Mfasiri anayeyaruka maneno hayo kwa kuyaona marefu huwa ameugeuza mwelekeo kuwa sheria.

Ugomvi wa Vienna na Berlin

Nusu karne baadaye ubishi huu ulipamba moto katika nchi zinazosema Kijerumani. Carl Menger wa Vienna alikuwa ametoa mwaka 1871 kitabu kilichoeleza thamani ya kitu kwa kuanzia na haja ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 1883 alitoa kitabu kingine juu ya njia ya uchunguzi, akadai kwamba nadharia haipatikani kwa kurundika habari za historia. Lazima mtu atenge mambo ya msingi kwa akili, kisha ajenge juu yake.

Kule Berlin, Gustav Schmoller alikuwa kiongozi wa wale walioshikilia historia. Kwao, kanuni za bei na ujira zilizotungwa mezani ni hewa tupu mpaka mtu achunguze kwanza vyama vya mafundi, sheria za ardhi, kodi na desturi za mahali fulani katika wakati fulani. Schmoller alikihakiki kitabu cha Menger kwa ukali. Menger akajibu mwaka 1884 kwa kijitabu cha kuyaeleza makosa ya wanahistoria. Schmoller alipoletewa nakala ili aihakiki, aliirudisha kwa mwandishi, akalitangaza jambo hilo katika jarida lake.

Ni rahisi kuucheka ugomvi huo wa wazee wenye hasira, lakini kila upande ulikuwa na jambo. Menger aliona kwamba hakuna anayetazama mambo bila kuwa na wazo la kumwongoza. Hata Schmoller alipochagua kuchunguza kodi na kuacha nyimbo alikuwa amekwisha amua lipi ni sababu na lipi si sababu. Schmoller naye aliona kwamba jambo linaloitwa la msingi na mtu wa Vienna huenda likawa ni desturi ya Vienna tu. Kwa lugha yetu ya leo, Menger alitetea haki ya kuchukulia. Schmoller aliuliza nani amekupa ruhusa ya kuchukulia hilo.

Kutoka Robbins hadi Friedman

Robbins, katika insha ile ya mwaka 1932, alirudi upande wa Mill na Menger. Alisema misingi ya elimu ya uchumi ni mambo ambayo kila mtu anayajua kutokana na maisha yake mwenyewe: kwamba tunapenda hiki kuliko kile, na kwamba hatuwezi kupata vyote. Misingi hiyo haihitaji majaribio. Miaka sita baadaye, mwaka 1938, Terence Hutchison alimpinga. Hutchison aliingiza katika elimu ya uchumi fikra za Karl Popper, ambaye mwaka 1934 alikuwa ameeleza kwamba kauli ya kisayansi ni ile inayoweza kukanushwa na mambo yanayoonekana. Kauli isiyokataza jambo lolote haitupi habari yoyote. Ukisema kila mtu huchagua analolipenda zaidi, na kila anachochagua ukakiita ndicho alichokipenda zaidi, hujatuambia kitu.

Hapo ndipo haja ya neno la pili inapotokea kwa nguvu. Kauli ambayo Popper na Hutchison waliitaka ni ile inayojiweka hatarini, na Kiswahili kinalo jina lake zuri: nadharia tete. Nafaka tete ni ile ambayo haijakomaa. Huenda ikakauka ikawa mbegu, huenda ikaoza. Mambo ambayo Robbins aliyaweka kuwa misingi hayakuwa tete kwa maana hiyo, kwa kuwa hakukusudia kuyapima. Anayeyaita yote mawili dhana humnyima Hutchison hoja yake.

Mwaka 1946 Richard Lester wa Marekani alichapisha matokeo ya maswali aliyowauliza wakuu wa viwanda vya kusini mwa nchi hiyo. Vitabu vilifundisha kwamba mwenye kiwanda hulinganisha ujira na faida inayoletwa na mfanyakazi wa mwisho, kisha huajiri au hupunguza watu. Wakuu hao walijibu kwamba wao hutazama zaidi oda za bidhaa zao. Je, nadharia ilikuwa imekanushwa? Fritz Machlup alijibu mwaka huohuo kwamba la hasha: dereva anayelipita gari jingine barabarani hufanya hesabu ngumu bila kuweza kuieleza.

Milton Friedman wa Chicago alilichukua jambo hilo hadi mwisho wake katika insha ya mwaka 1953. Alidai kwamba si kazi yetu kuuliza kama mambo yaliyochukuliwa mwanzoni mwa nadharia yanafanana na hali halisi. Tuulize kama utabiri wa nadharia hiyo unatimia. Alitoa mfano wa majani ya mti. Majani hukaa kana kwamba kila moja linatafuta jua kwa makusudi na kujua majirani zake wako wapi. Hakuna anayesema jani lina akili. Lakini nadharia hiyo hutabiri vizuri mahali majani yatakapokuwa mengi.

Wafasiri wana bahati hapa, kwa kuwa kana kwamba ni maneno ambayo kila mzungumzaji anayajua. Lakini hatari ni kubwa vilevile. Katika haraka ya kazi, "kana kwamba" hugeuka "kwa kuwa", na msomaji huambiwa kwamba majani yana akili na kwamba wafanyabiashara wanajua kila bei. Neno moja likibadilika, hoja yote ya Friedman huangamia, hata wapinzani wake wasipate cha kupinga.

Jina la insha hiyo lina mtego mwingine. Tangu John Neville Keynes mwaka 1891, wachumi wamepambanua uchunguzi wa yaliyopo na uchunguzi wa yanayopaswa kuwapo. Sifa ambayo Kiingereza hulipa kundi la kwanza ndiyo ileile ambayo katika hisabati tunaiita chanya. Kwa hiyo tumeletewa "uchumi chanya", na mwanafunzi huelewa kwamba ni uchumi unaokua au wenye manufaa. Uchumi elezi ungefaa zaidi, na kundi la pili liitwe uchumi elekezi. Sifa hii ya pili haiwezi kumshangaza mtumishi wa serikali aliyezoea kusikia bei elekezi.

Chukulio si la aina moja

Paul Samuelson na wengine walimshambulia Friedman katika miaka ya 1960. Walisema kwamba kauli isiyo kweli haigeuki kuwa fadhila ya nadharia kwa sababu tu utabiri umetimia. Lakini aliyetusaidia zaidi sisi watu wa istilahi ni mwanafalsafa Alan Musgrave, ambaye mwaka 1981 alionyesha kwamba pande zote mbili zilikuwa zikitumia neno moja kwa mambo matatu. Tuyaeleze kwa mfano wa hapa nyumbani.

Mchumi anaandika: "Tuchukulie kwamba gharama ya kusafirisha mahindi ni sifuri." Kwanza, huenda ana maana kwamba gharama hiyo ipo lakini ni ndogo mno isiweze kubadilisha jibu. Kwa masoko mawili ya mtaa mmoja kauli hiyo ni ya haki. Hilo tuliite chukulio la kupuuza. Pili, huenda ana maana kwamba nadharia yake inahusu tu masoko ambayo kweli hayatengwi na gharama ya usafiri, nayo isipelekwe kati ya Sumbawanga na Dar es Salaam. Hilo ni chukulio la mpaka. Tatu, huenda ameanza na sifuri ili kuurahisisha mwanzo, na katika sura inayofuata ataiongeza gharama ya lori na barabara. Hilo ni chukulio la hatua.

Sentensi ni moja, lakini wajibu wa msomaji hutofautiana. La kwanza lapimwa kwa kuuliza: je, kilichopuuzwa ni kidogo kweli? La pili lapimwa kwa kuuliza: je, mahali petu pamo ndani ya mpaka huo? La tatu halipaswi kupimwa bado; linapaswa kusubiriwa liondolewe. Musgrave alionyesha pia kwamba chukulio la kupuuza likishindwa, mwenyewe aweza kuligeuza kimyakimya kuwa la mpaka, na hilo kuwa la hatua. Nadharia huendelea kuishi, lakini kila mara inasema machache kuliko zamani. Ofisa mwenye maneno haya matatu mkononi aweza kumwuliza mshauri wake amesimama wapi.

Ushahidi kutoka magharibi mwa Kenya

Katika miaka ya karibuni njia ya majaribio, ambayo Mill aliiona haiwezekani, imeingia katika elimu ya uchumi kwa nguvu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa Afrika Mashariki. Michael Kremer, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alifanya utafiti wake wa dawa za minyoo katika shule za Busia. Mfano unaofaa zaidi kwa makala haya ni ule wa vyandarua.

Kwa muda mrefu mipango mingi ya afya ilijengwa juu ya kauli kwamba kitu cha bure hakithaminiwi: mtu akilipa japo kidogo atakitumia, akipewa bure atakitupa au atakifanya wavu wa samaki. Kauli hiyo iliandikwa kana kwamba imekwisha thibitishwa. Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliigeuza kuwa nadharia tete. Katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, bei ya chandarua ilipangwa kwa kura: kwingine bure, kwingine kwa bei ndogo, isiyozidi takriban senti 60 za dola ya Marekani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba bei ilipopanda kutoka sifuri hadi senti hizo 60, idadi ya waliochukua vyandarua ilishuka kwa pointi 60 za asilimia. Na waliopewa bure hawakuonekana kuvitumia kwa uchache kuliko walionunua.

Tanzania nayo ilikuwa imeanza mwaka 2004 mpango wa Hati Punguzo, ambao ulimtaka mama achangie sehemu ya bei. Hatuna nia ya kuwahukumu waliopanga mambo hayo kwa ujuzi waliokuwa nao. Tunataka kuonyesha tu kwamba palikuwa na kauli moja iliyosafiri kutoka ripoti hadi ripoti bila jina lake halisi. Ingaliitwa chukulio, huenda mtu angaliuliza mapema zaidi kama ni la kweli; na watoto wangapi walilala bila chandarua wakati swali hilo halijaulizwa ni jambo la kutafakari.

Hata hivyo, majaribio hayaufungi ubishi. Mchumi Angus Deaton na mwanafalsafa Nancy Cartwright wamekumbusha, katika makala yao ya mwaka 2018, kwamba jaribio hutuambia lililotokea pale lilipofanyika. Kuyahamisha matokeo ya magharibi mwa Kenya hadi Kigoma au Pemba kunahitaji kuchukulia kwamba mambo muhimu yanafanana. Schmoller angalitabasamu. Chukulio halikuondoka, limehama tu kutoka mwanzo wa hesabu hadi mwisho wake.

Mapendekezo

Kutokana na historia hii, mwandishi anapendekeza matumizi yafuatayo yafikiriwe na wafasiri, walimu na maofisa:

(a) Dhana litumike kwa wazo la jumla lenye jina, kama vile dhana ya uhaba au dhana ya thamani. Zamani neno hili lilikuwa karibu zaidi na shaka na kudhania, na mabaki ya maana hiyo ndiyo yanayotuchanganya.

(b) Chukulio (wingi: machukulio) litumike kwa kauli inayokubaliwa bila kupimwa ili hoja iendelee. Mwalimu wa hisabati husema "tuchukulie kwamba" kila siku. Jina limekwisha zaliwa, lililobaki ni kulitumia. Inapowezekana itajwe kama ni la kupuuza, la mpaka au la hatua.

(c) Nadharia tete litumike kwa kauli inayotolewa ili ipimwe, na isiitwe nadharia kwa kifupi.

(d) Matokeo litumike kwa yaliyoonekana baada ya kupima tu, na kamwe lisitumike kwa hitimisho la mantiki lililotokana na machukulio.

(e) Uchumi elezi na uchumi elekezi yachukue mahali pa "uchumi chanya" na mwenzake.

Yamkini atatokea msomaji wa kusema kwamba maneno haya ni ya wataalamu na mwananchi hayahitaji. Sisi twaona kinyume. Mtaalamu anayesoma ripoti kwa Kiingereza atajua lipi limethibitishwa na lipi limekisiwa, kwa kuwa lugha hiyo inampambanulia. Diwani, mwalimu na katibu wa chama cha ushirika wanaosoma tafsiri yetu ndio watakaoamini kila sentensi kwa uzito mmoja, au watakaozikataa zote kwa pamoja. Kwa hiyo, kabla ya kuitoa tafsiri mkononi, yafaa mfasiri apite katika kila ukurasa na kuuliza juu ya kila kauli: imeonekana, inasubiri kupimwa, au imechukuliwa tu? Na jibu lake lionekane katika neno alilolichagua.